Kisanduku cha Jicho la Kulia

3 Agosti

Kaka, shikamoo.

Utashangaa kuona mwandiko wangu wakati tumeongea kwenye simu Jumapili tu. Lakini wewe unanijua. Kwenye simu naitikia "ndiyo", "hapana", "tuko salama", halafu nakata na maneno yote yanabaki kooni. Isitoshe, Mama alikuwa amekaa pembeni yangu anamenya viazi, na habari hii hataki uijue.

Mama amepewa barua ya onyo kazini. Kuna miwani nyingine imetoka dukani ikiwa na makosa, na aliyeandika vipimo vyake ni yeye. Safari hii ni ya mama mmoja fundi cherehani. Aliivaa akaumwa kichwa, akajiambia ni ugeni wa miwani mipya. Kumbe kioo cha kulia kimesagwa kwa nguvu ya jicho la kushoto, na cha kushoto ni kioo kitupu kama cha dirishani. Alirudi akaitupa juu ya kaunta mbele ya wateja. "Aliyeniandikia hii ni nani? Nimeshona mkono wa shati ukaelekea mgongoni." Wateja wakacheka. Mama anasema naye alitamani kucheka ila midomo ilikataa.

Mwenye duka, Bwana Lenzi, anasema kompyuta inaonyesha jina la kila aliyeandika, na jina kwenye makosa yote ni la Mama. Yule kijana wa meza ya pili, ambaye Mama anamwita Kidole Kimoja kwa jinsi anavyodonoa kibodi kama kuku, hajakosea hata mara moja.

Unajua Mama na vidole vyake. Alisomea upigaji chapa enzi za mashine za chuma, na walifundishwa kutazama karatasi tu. Bado anaandika vile vile. Macho yako kwenye cheti cha daktari wa macho, vidole vinakimbia, skrini hata haitazami. Sasa jioni namwona anavinyoosha vidole vyake na kuvitazama, kama mtu anayemtazama mtoto aliyemfanya mzazi aitwe shuleni.

Swali langu ni moja. Programu ile wanayoandikia vipimo dukani umeiandika wewe. Je, inawezekana namba ikaingia mahali ambapo mwandikaji hakukusudia? Nilimwambia Mama nikuulize, akanijibu, "Mwache Fundi wangu afanye kazi zake. Mashine haina akili ya kukosea."

Mdogo wako,
Profesa


14 Agosti

Profesa, marahaba.

Barua yako nimeisoma nikiwa nakula, nikasahau kula. Mwandiko wako bado ni wa mtoto anayeogopa kuchafua karatasi.

Sasa nisikilize. Programu ile niliijaribu mwenyewe, siku nzima, pale pale dukani. Kompyuta inafanya inachoambiwa na anayeigusa. Mama hayuko tena kwenye umri ule unaoukumbuka. Anafanya kazi kwenye duka la miwani na yeye mwenyewe hana miwani, hilo halikuchekeshi? Mwambie akae kwenye kile kiti apimwe. Na mwambie aangalie skrini kabla ya kutuma. Basi.

Nakuomba jambo moja. Usiende kumwambia Bwana Lenzi neno lolote kuhusu programu. Amenisifia kwa mwenzake mwenye maduka mengi, na huyo bwana anataka kuiona kazi yangu mwezi ujao. Akiikubali, nitaacha kulala chumba kimoja na mafundi friji wawili wanaokoroma kwa kupokezana. Mtu akisikia neno "kosa" hata kwa mbali, mlango unafungwa.

Wewe soma. Una mtihani.

Kaka yako


25 Agosti

Kaka, shikamoo.

Mama alipimwa. Alisoma ule ubao mpaka mstari wa chini kabisa, halafu akamwuliza mpimaji kama kuna mwingine. Macho yake ni mazima.

Shule imefungwa, kwa hiyo nimekuwa nikienda naye dukani. Nakaa nyuma yake kwenye kile kiti kilichovunjika mgongo na kitabu changu. Bwana Lenzi alidhani nimefuata baridi ya feni. Mimi nilifuata skrini, ile ambayo Mama haitazami.

Nimeona linalotokea, na nimeliona zaidi ya mara moja, kwa hiyo tafadhali usiniambie ni macho yangu.

Ile meza imegusana na ukuta wa chumba cha kusagia vioo. Mashine ya kusaga ikiwashwa, ukuta unanguruma na meza inatetemeka kidogo sana. Chai kwenye kikombe inafanya duara. Kipanya kinalala pale pembeni, hakuna aliyekigusa, lakini kishale kwenye skrini kinaanza kutambaa chenyewe, polepole, kama chungu aliyenusa sukari. Kikigusa kisanduku cha jicho la kulia, kisanduku kinapata ule mstari wa bluu na kuanza kupokea herufi. Hakuna aliyebofya. Wakati huo Mama ameshamaliza jicho la kulia, ameruka kwenda la kushoto kwa kibodi kama ulivyomfundisha, na anaandika namba ya kushoto. Namba inaingia kulia, juu ya ile ya kwanza, na kuifuta. Cha kushoto kinabaki kitupu, na kisanduku kitupu programu yako inakihesabu sifuri. Mama anabonyeza tuma.

Kidole Kimoja hakosei kwa sababu anatazama skrini kila herufi. Nilimwuliza kama namba huwa inamruka. Akasema, "Dada, inaruka kila siku, mimi nairudisha tu. Nilidhani ndivyo kompyuta zilivyo." Kwa hiyo aliyeandika vibaya anaokoka, na aliyefundishwa kuandika vizuri ndiye mkosaji.

Nilikunja kitambaa cha kufutia lenzi nikakiweka chini ya kipanya. Kishale kikatulia. Siku nzima hakuna kilichoruka.

Nimeazima kitabu cha kutengeneza programu kwenye maktaba ya shule. Kinasema kishale kupita juu ya kitu na kitu hicho kupewa kibodi ni mambo mawili mbalimbali. Kishale kikipita, kitu kinaweza kubadilika rangi kidogo ili mtu ajue kinabofyeka. Lakini kibodi inabaki pale mtu alipoiweka mwenyewe, kwa kubofya au kwa kibonyezo cha kuruka. Wanasema mtumiaji asinyang'anywe kibodi akiwa anaandika. Nimenakili sentensi hiyo lakini siileti kwako, maana wewe ndiye uliyenifundisha kompyuta na naona aibu.

Naomba tu umwandikie Bwana Lenzi mistari miwili. Mwambie kosa ni la programu na linarekebishika. Sidhani kama atakuchukia. Watu wengi hukosea.

Profesa


6 Septemba

Profesa,

Nimekaa na barua yako muda mrefu. Nilianza kukujibu kwa hasira, nikaichana karatasi, nikaanza tena.

Umeona sawasawa. Sitakuficha. Nilipopeleka programu mara ya kwanza, Bwana Lenzi alikaa kwenye ile meza, akashika kipanya kama mtu anayeshika panya wa kweli, akasema, "Kwa nini nibofye kila sehemu? Nikifika kwenye kisanduku, kinijue nimefika." Nilijua si utaratibu mzuri. Niliambiwa hivyo tangu mwaka wa kwanza chuoni. Lakini alikuwa mteja wangu wa kwanza na alikuwa anatabasamu. Nikamfanyia pale pale akiwa anangoja, mistari michache tu, akanipigapiga begani. Meza siku hiyo haikuwa pale ukutani. Mashine haikuwa imewashwa.

Sasa fikiria nikimwandikia. Hatakumbuka kwamba ni yeye aliyetaka. Atakumbuka tu kwamba nilikiri. Na yule bwana mwenye maduka atasikia kabla barua haijakauka wino.

Usimwambie mtu yeyote, hata Mama. Nipe nafasi kidogo, nitalishughulikia mwenyewe. Mwambie Mama aendelee na kitambaa chako.

Nisamehe kwa yale niliyosema kuhusu macho yake.

Kaka yako


13 Septemba

Kaka, shikamoo.

Nilisoma barua yako nyuma ya bafu ili Mama asiuone uso wangu. Asante. Kwa kweli asante. Nilianza kukuwazia mabaya, na nimelala vizuri kwa mara ya kwanza tangu shule ifungwe.

Ila mambo yamekimbia kuliko tulivyodhani. Kitambaa kimezuia makosa mapya, lakini ya zamani yanaendelea kurudi, maana kuna watu wanaochukua miwani na kuiweka kabatini kwanza. Mzee mmoja mlinzi amerudisha yake. Aliteleza kwenye ngazi akavunjika kifundo cha mkono. Bwana Lenzi amemwita Mama ajieleze Ijumaa ijayo asubuhi, mbele ya wafanyakazi wote. Akishindwa kuonyesha kwamba si uzembe, anaondoka.

Nimemwambia Mama asiogope, nitasimama mimi. Alinitazama kama nimesema nitaruka angani. Mimi, ambaye mwalimu akinitaja jina darasani nasahau jina lenyewe. Nitavaa sare ya shule nionekane mtu wa maana.

Usiwe na wasiwasi, sitakutaja. Sitasema uliniambia lolote. Nitaondoa kitambaa, nitaomba mashine iwashwe, na nitamwacha Bwana Lenzi ajionee kwa macho yake. Kishale kitatambaa, kisanduku kitapokea, na hakuna haja ya mtu kukiri chochote. Nadhani hiyo ni njia nzuri kwetu sote.

Lakini kama utaamua kumwandikia na barua ikawahi kufika kabla ya Ijumaa, itakuwa bora zaidi. Mama hajui kitu. Anapiga pasi gauni lake la kijani.

Profesa


22 Septemba

Kaka,

Nitakuandikia lilivyotokea, kisha nitakuuliza.

Walikuwa wamesimama wote, mpimaji, wasagaji wawili na makoti yao yenye vumbi jeupe, Kidole Kimoja, na Bwana Lenzi kwenye kiti. Nilisema niliyoyapanga. Sauti ilinitetemeka lakini ilitoka. Nikaondoa kitambaa. Nikaomba mashine iwashwe, ikawashwa, ukuta ukanguruma, chai ikafanya duara. Mama akakaa akaanza kuandika kutoka kwenye cheti, hajainua macho, kama siku zote. Kishale kikatambaa. Nikasema, "Tazameni sasa."

Kikafika kwenye kisanduku cha kulia. Kisanduku kikawa bluu hafifu. Namba ikaingia kushoto, mahali pake.

Nikasema tujaribu tena. Tukajaribu tena. Nikashika kipanya mwenyewe, nikakipitisha juu ya visanduku vyote, huku na huku, huku Mama anaandika. Kila kimoja kilibadilika rangi kidogo kikarudi. Hakuna kilichopokea. Kila kitu kilienda kama kitabu kinavyosema, Kaka. Sijawahi kuona programu yenye adabu vile.

Msagaji mmoja akacheka puani. Nikamgeukia Kidole Kimoja nikamwambia, "Sema basi, si uliniambia inaruka?" Akatazama viatu vyake. Akasema, "Sikumbuki vizuri."

Bwana Lenzi hakunifokea. Ingekuwa afadhali angenifokea. Alisema, "Binti, kumtetea mama yako ni jambo jema. Lakini kaka yako ni kijana makini, na usimsingizie kazi yake ili kumwokoa mama yako." Mama akasimama, akanishika mkono kama siku ya kwanza ya shule ya awali, akasema, "Basi, mwanangu. Twende." Barabarani nikajaribu kueleza. Akaniambia, "Umenipenda sana leo. Ila usirudie kusema uongo."

Kidole Kimoja alitufuata mpaka kona ya duka la vyombo. Alisubiri Mama atangulie. Akaniambia jana yake jioni ulimpigia simu, ukamwambia aache kompyuta ikiwa imewaka na mtandao umeunganishwa, na asubuhi aizime na kuiwasha upya. Ulimwambia ni matengenezo ya kawaida. Alisema, "Mimi nina kibarua tu hapa, dada. Ningesema nini?"

Swali langu ni hili. Barua yangu ya tarehe kumi na tatu ilikufikia au haikukufikia?

Mdogo wako


1 Oktoba

Profesa,

Ilinifikia. Ilinifikia Jumanne.

Nilifikiri kama binadamu yeyote. Nikasema, nikirekebisha, makosa yatakoma, na makosa yakikoma Bwana Lenzi atapoa. Sikufikiri atamwondoa. Nilidhani utasimama pale, utaona haijaruka, utaelewa, utakaa kimya. Wewe ni mwerevu. Nilitegemea utaelewa haraka.

Na kwani si ulitaka irekebishwe? Imerekebishwa. Hakuna mlinzi mwingine atakayeanguka ngazi. Yule bwana alikuja kuiona kazi, akapitisha kipanya juu ya visanduku, akasema, "Hii imetulia." Itaingia kwenye maduka yake yote. Najua unavyonifikiria sasa. Lakini mambo yakikaa sawa, nyumba nzima itafaidika, na Mama hatahitaji kuandikia mtu yeyote tena.

Mwambie apumzike. Usimwambie mengine. Hayatamrudishia kazi, yatamwongezea uchungu tu.

Kaka yako


15 Oktoba

Kaka,

Nimemwambia.

Nilijizuia kwa sababu uliniomba. Lakini kuna ofisi ya kunakili nyaraka karibu na kituo cha polisi, walitafuta mpiga chapa, na Mama akaenda kujaribiwa. Nilimsindikiza. Walimpa ukurasa mmoja. Kaka, Mama aliinua macho kwenye skrini baada ya kila neno. Baada ya kila neno. Anaandika, anainua, anashuka, anatafuta alipokuwa kwenye karatasi, mstari umempotea. Mama, ambaye alikuwa anaandika huku anamgombeza Kidole Kimoja na hakosei herufi. Yule msichana wa ofisini alimwambia kwa upole, "Shangazi, tutakupigia." Mama akamshukuru. Nje akaniambia, "Vidole hivi havinisikii tena. Nimevitetea kumbe vilikuwa vinanidanganya."

Ndipo nikamwambia yote. Nikamwekea barua zako juu ya kitanda, ya tarehe sita na ya tarehe moja. Nilifikiri akijua, vidole vyake vitamrudia. Hicho ndicho nilichokitaka, kazi sikuiwaza tena.

Alisoma moja, nayo nusu tu. Akazikunja vizuri, akanirudishia. Akasema, "Kaka yako ameandika hivi kunifariji. Amejibebesha kosa langu. Ndivyo alivyokuwa tangu mdogo." Nikamwambia, Mama, soma mpaka mwisho. Akasema ana nguo za kuanua.

Nilimfuata mpaka kwenye kamba. Nilisema kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Akaendelea kuanua. Mwisho akaniambia, bila kunitazama, "Mimi nina vidole kumi na mtoto wa kiume mmoja. Unataka nitilie shaka kipi?"

Kwa hiyo mimi sina la kufanya tena. Hataniamini mimi, na karatasi hataki kuiamini. Ukija ukakaa naye kwenye ile benchi ya jikoni, ukasema kwa mdomo wako, "Mama, ni mimi," ataamini. Ni sentensi moja. Huna haja ya kumwambia Bwana Lenzi wala tajiri wa maduka. Wabaki nayo. Mwambie Mama tu.

Sitakuandikia tena mpaka uje.

Mdogo wako


24 Oktoba

Fundi wangu,

Naandika kwa mkono, utanisamehe mistari inayopanda na kushuka.

Mdogo wako amekuwa na maneno siku hizi. Anasema umefanya hivi na vile kwenye ile kompyuta. Nimemkanya. Ni umri, na kusoma sana, na aibu aliyoipata siku ile mbele za watu. Usimchukie. Alitaka kunisaidia akakosa pa kushika.

Nimesikia kazi yako imeingia maduka mengi. Nilimwambia jirani mpaka akachoka kunisikiliza. Nilikuwa na hofu kwamba makosa yangu yangekuharibia, ikawa heri. Mimi sijambo. Kupiga chapa nimeacha, nimeona ni kazi ya vijana sasa. Nasaidia kufunga vifurushi kwenye duka la sabuni, kazi isiyotaka macho wala akili, na wenzangu ni wacheshi.

Kama kuna lolote unataka kuniambia, mimi nipo. Kama hakuna, usijitaabishe.

Kula vizuri.

Mama yako


5 Novemba

Mama, shikamoo.

Nimefurahi kupata mwandiko wako. Haupandi wala haushuki, unajitania tu.

Kuhusu maneno ya Profesa, usiyaweke moyoni, na usimgombeze sana. Ni mtoto bado na anakupenda. Mimi simchukii hata kidogo. Umefanya vizuri kumwelekeza.

Nimehamia chumba changu mwenyewe, kina dirisha. Kazi ni nyingi mpaka mwisho wa mwaka, zikipungua nitakuja kukuona.

Vipumzishe vidole, Mama. Vimefanya kazi ya kutosha.

Mwanao